Kwa Nini Abiria Huenda Mbele Basi Lisimamapo? Inesha na Msuguano Barabarani

Kila mtu aliyewahi kusafiri kwa basi akiwa amesimama anazijua hali tatu. Basi liondokapo ghafula, yeye huyumba kwenda nyuma. Likatapo kona ya kulia, huegemea kushoto. Na dereva akanyagapo breki kwa nguvu, abiria wote waliosimama huenda mbele kwa pamoja, wakishikana na kuombana radhi. Ukiwauliza ni kitu gani kilichowasukuma mbele, wengi watajibu kuwa ni basi. Jibu hilo si sahihi. Hakuna kitu kilichowasukuma mbele. Walikwenda mbele kwa sababu hapakuwa na kitu cha kutosha cha kuwazuia.

Katika makala haya tutaeleza maana ya jambo hilo. Tutaanza na kanuni zifundishwazo darasani juu ya inesha, kani na msuguano, kisha tutazipeleka barabarani tuone zinavyoamua ni nani afikaye salama. Mwalimu atapata humo majaribio mawili yasiyohitaji vyombo vya gharama, na mwanafunzi atapata hesabu za kujipima.

INESHA: UVIVU WA VITU

Wanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hasa Aristotle, walifundisha kwamba kila kitu kiendacho kinahitaji kitu kingine cha kukiendesha wakati wote. Fundisho hilo laonekana kuwa kweli. Anayesukuma mkokoteni anajua kwamba akiacha kuusukuma, utasimama. Kwa muda wa karne nyingi watu waliamini kuwa hali ya asili ya vitu ni kutulia.

Galileo Galilei wa Italia (1564–1642) alilitazama jambo hilo kwa njia nyingine. Aliviringisha tufe juu ya mbao zilizoinamishwa. Alitafakari kwamba tufe lishukapo katika mteremko mmoja na kupanda mwingine, hupanda hadi kukaribia kimo kile kile lilikoanzia. Mteremko wa pili ukilazwa zaidi, tufe hulazimika kwenda mbali zaidi ili kukifikia kimo hicho. Je, ukilazwa kabisa ukawa tambarare? Hapo tufe halitakipata kimo hicho kamwe, na kama hakuna cha kulizuia, litaendelea kwenda bila kikomo. Kwa hiyo mkokoteni hausimami kwa sababu umeachwa kusukumwa. Husimama kwa sababu kuna kitu kinachouzuia, nacho ni msuguano.

Isaac Newton wa Uingereza aliliweka wazo hilo kuwa sheria ya kwanza ya mwendo katika kitabu chake kilichochapishwa mwaka 1687. Twaweza kuieleza hivi: kitu kilichotulia huendelea kutulia, na kitu kiendacho huendelea kwenda kwa kasi ile ile katika mstari ulionyoka, isipokuwa kama kani kutoka nje itakilazimisha kuibadili hali hiyo. Tabia hii ya vitu kukataa mabadiliko ya mwendo huitwa inesha, neno litokanalo na Kilatini lenye maana ya uvivu. Kitu kivivu kilichotulia hakitaki kuondoka. Kikiisha kuondoka, hakitaki kusimama wala kupinda.

Sasa tumrudie abiria wetu. Basi likienda kilometa 80 kwa saa, naye pia anakwenda kilometa 80 kwa saa, ingawa mwenyewe anajiona ametulia. Breki zikikamatwa, basi hupunguza mwendo. Miguu yake, iliyoshikwa na sakafu, hupunguza mwendo pamoja nalo. Kiwiliwili chake hakijapata kani yoyote ya kukizuia, hivyo chaendelea na safari. Kwenye kona ni vivyo hivyo: basi lapinda kulia, mwili wa abiria wataka kunyooka mbele, na kwa hiyo ukuta wa kushoto wa basi ndio umjiao. Mwanafunzi na aangalie sana hapa asije akasema kwamba "kani ya inesha" ilimtupa abiria. Inesha si kani. Ni tabia ya maada.

Jaribio la 1. Weka kadi ngumu juu ya mdomo wa bilauri, na juu ya kadi weka sarafu. Ipige kadi kwa ukucha wa kidole ili iruke kwa ghafula kwenda upande. Sarafu haitakwenda na kadi. Itadondoka ndani ya bilauri. Rudia tena ukiivuta kadi polepole. Safari hii sarafu itafuatana nayo. Waulize wanafunzi: sarafu ni ile ile na kadi ni ile ile, ni nini kilichobadilika? Katika mara ya kwanza kadi iliondoka kwa mchapuko mkubwa, na msuguano mdogo uliopo kati yake na sarafu haukutosha kuichukua sarafu kwa mchapuko huo. Katika mara ya pili ulitosha. Jambo hili la msuguano "kutosha" au "kutotosha" ndilo kiini cha makala haya.

KANI, TUNGAMO NA MCHAPUKO

Sheria ya pili ya Newton yatuambia ni kani kiasi gani ihitajikayo ili kuushinda uvivu huo. Kani ni sawa na tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, mara mchapuko wake. Tungamo tukilipima kwa kilogramu na mchapuko kwa mita kwa sekunde kwa sekunde, kani hupatikana kwa kipimo cha nyutoni.

Tuchukue mkokoteni mtupu wa kilogramu 50, na tuseme kwa sasa kwamba hauna msuguano. Ukisukumwa kwa kani ya nyutoni 100 utapata mchapuko wa 2, maana yake kila sekunde moja kasi yake itazidi kwa mita 2 kwa sekunde. Ukipakiwa magunia mawili ya kilogramu 100 kila moja, tungamo litakuwa kilogramu 250, na kani ile ile itatoa mchapuko wa 0.4 tu. Kuuondoa mkokoteni uliojaa ni kazi, na kuusimamisha ni kazi vile vile. Msukuma mkokoteni anayeteremka kilima na shehena aijua sheria hii kwa visigino vyake.

KANI YA MSUGUANO

Nyuso za vitu, hata zionekanapo laini kwa macho, zina vilele na mabonde madogo sana. Nyuso mbili zinapogandamizwa pamoja, vilele hivyo hushikamana mahali vinapogusana, na ili uso mmoja upite juu ya mwingine ni lazima mishikamano hiyo ivunjwe. Ukinzani huo ndio msuguano. Leonardo da Vinci aliuchunguza mwishoni mwa karne ya 15 lakini hakuchapisha matokeo yake. Guillaume Amontons wa Ufaransa aliyatangaza upya mwaka 1699, na Charles-Augustin de Coulomb akayaendeleza katika karne ya 18. Mambo matatu yalidhihirika:

Kwanza, msuguano huongezeka kwa kadiri ya kani inayozigandamiza nyuso hizo. Mzigo ukiongezwa mara mbili, msuguano nao huwa mara mbili.

Pili, msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana. Tofali huburutwa kwa kani ile ile likiwa limelazwa kwa ubapa au kwa ubavu.

Tatu, msuguano wa kitu kilichotulia huweza kuwa mkubwa kuliko msuguano wa kitu kinachoteleza. Ndiyo sababu kabati zito huwa gumu kuondoka, lakini likiisha kuondoka huwa jepesi kidogo.

Ukigawanya msuguano kwa kani ya mgandamizo utapata namba iitwayo kizigeu cha msuguano. Kizigeu kikubwa chaonyesha nyuso zinazoshikana sana. Kizigeu kidogo chaonyesha nyuso zinazoteleza. Kanuni hizi ni za makadirio, na mpira wa tairi hauzifuati kikamilifu, lakini zatosha kwa hesabu zetu.

Jaribio la 2. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa mita moja hivi. Weka juu yake kipande cha mti, kisha inua polepole mwisho mmoja wa ubao mpaka kipande hicho kikaribie kuteleza. Ushikilie hapo. Kwa rula, pima kimo cha mwisho ulioinuliwa, na pima umbali ulio sakafuni kutoka chini ya mwisho huo hadi mwisho wa pili wa ubao. Kimo ukikigawanya kwa umbali huo utapata kizigeu cha msuguano wa kitu kilichotulia. Rudia ukiwa umebandika chini ya kipande hicho mpira wa ndara kuukuu. Kisha mwagia ubao maji. Kisha upake sabuni. Rudia pia ukiwa umeongeza jiwe juu ya kipande. Wanafunzi wataona kwamba mpira, maji na sabuni hubadili jibu, ilhali jiwe halibadili, maana huongeza msuguano na mvuto wa mteremko kwa kiasi kimoja.

Watu wengi huuhesabu msuguano kuwa adui. Ni kweli kwamba hula mashine na kupoteza nishati, na kwamba mwanadamu ametafuta hila nyingi za kuupunguza. Wavuvi wa mwambao wa Afrika Mashariki hutandika magogo chini ya chombo ili kukipandisha pwani kwa kukiviringisha badala ya kukiburuta. Fundi wa baiskeli hutia grisi na gololi katika ekseli kwa sababu iyo hiyo. Lakini pasipo msuguano hatungeweza hata kutembea. Mtu atembeapo huisukuma ardhi nyuma kwa unyayo, nayo ardhi humsukuma yeye mbele. Katika matope ya utelezi ardhi haiwezi kumrudishia msukumo huo, naye huanguka.

NI NANI ALISIMAMISHAYE BASI?

Hapa twafika kwenye jambo ambalo hata madereva wengi hawalitambui. Breki hazilisimamishi basi. Breki husimamisha magurudumu. Kilisimamishacho basi ni barabara, kwa njia ya msuguano kati ya lami na sehemu ndogo za tairi zigusazo chini. Dereva aweza kukanyaga breki kwa nguvu zake zote, lakini hawezi kupata kani kubwa kuliko ile ambayo barabara iko tayari kumpa. Kani hiyo ina kikomo, na kikomo hicho hakiongezeki kwa sababu dereva ana hofu au ana haraka.

Tairi linapoviringika sawasawa, sehemu yake igusayo chini huwa imetulia juu ya lami kwa kitambo kidogo. Hivyo latumia msuguano ule mkubwa wa vitu vilivyotulia. Likikabwa na breki likaacha kuzunguka, huteleza, na msuguano hupungua. Zaidi ya hayo, gurudumu linaloteleza halitii tena usukani. Kwa hiyo magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa kuzuia magurudumu yasikabwe kabisa.

Maji nayo hupunguza msuguano, kwa kuwa hukaa kati ya mpira na lami. Mifereji iliyochongwa juu ya tairi ina kazi ya kuyapitisha maji hayo pembeni. Tairi lililokuwa kipara halina mifereji, na kwenye mvua laweza kuelea juu ya maji kama mtumbwi. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ni ya hatari zaidi, maana huchanganyika na vumbi na mafuta yaliyodondoka barabarani ikafanya utelezi.

Sasa tukokotoe. Umbali wa kusimama una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ile ambayo gari huipita tangu dereva aone hatari hadi akanyage breki. Tuseme ni sekunde moja. Sehemu ya pili ni umbali wa breki, ambao hupatikana kwa kuizidisha kasi kwa kasi yenyewe, kisha kugawanya kwa mara mbili ya kizigeu cha msuguano mara mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani 9.8. Tuchukue kizigeu cha 0.7 kwa lami kavu, na 0.4 kwa lami yenye maji. Umbali wote wa kusimama ni huu:

Kilometa 40 kwa saa: lami kavu mita 20, lami yenye maji mita 27.
Kilometa 60 kwa saa: lami kavu mita 37, lami yenye maji mita 52.
Kilometa 80 kwa saa: lami kavu mita 58, lami yenye maji mita 85.
Kilometa 100 kwa saa: lami kavu mita 84, lami yenye maji mita 126.

Msomaji atatambua kwamba kasi ikizidishwa mara mbili, umbali wa breki huwa mara nne. Kwa kilometa 40 breki huhitaji mita 9 za lami kavu. Kwa kilometa 80 huhitaji mita 36.

Lakini liko jambo zito zaidi lililofichwa ndani ya namba hizi. Tuseme mtoto amekatiza barabara kavu mita 58 mbele ya magari mawili yaendayo sambamba, moja kwa kilometa 80 na jingine kwa kilometa 100. Madereva wote wawili wanashtuka kwa wakati mmoja na kukanyaga breki sawasawa. Gari la kwanza litasimama mbele ya mtoto. La pili je? Wengi hudhani kuwa kwa kuwa tofauti ni kilometa 20, litamfikia kwa mwendo mdogo wa kilometa 20 kwa saa. La hasha. Mita 28 za kwanza zimepotea kabla breki hazijakanyagwa, na mita 30 zilizobaki hazitoshi kuimaliza nishati iliyomo. Ukikokotoa utaona kwamba gari hilo litafika pale alipo mtoto likiwa bado lina kasi ya karibu kilometa 68 kwa saa.

LORI NA MTEREMKO

Katika hesabu hizo hatukutaja uzito wa gari hata mara moja. Je, tumesahau? Hapana. Lori zito lina inesha kubwa, lakini pia huigandamiza barabara zaidi na kupata msuguano mkubwa zaidi. Mambo hayo mawili hukatana, kama jiwe lilivyokatana katika Jaribio la 2. Kwa upande wa barabara, basi, lori na gari dogo vingesimama katika umbali ule ule.

Lakini breki zina habari yake. Nishati ya mwendo haipotei hivi hivi. Hugeuka kuwa joto ndani ya breki, na kitu kizito kina nishati nyingi. Fikiria lori la tani 30 likishuka mteremko wenye kimo cha mita 300 kwa kasi isiyobadilika. Nishati inayoachiliwa ni kilogramu 30,000 mara 9.8 mara mita 300, ambayo ni zaidi ya juli milioni 88. Joto hilo latosha kuyafikisha kwenye kuchemka maji ya baridi lita 280, yaani zaidi ya pipa zima. Likiachwa lote liingie katika breki, vyuma na bitana zake hupata moto kupita kiasi, kizigeu cha msuguano hushuka, na dereva hukanyaga pedali pasipo breki kushika.

Ndiyo sababu madereva wenye uzoefu washukapo mlima Kitonga, katika barabara ya Iringa, huingiza gia ndogo tangu juu kabla ya mteremko kuanza. Gia ndogo huilazimisha injini kuzunguka kwa kasi na kulizuia gari, hivyo sehemu kubwa ya nishati huishia katika injini, na breki hubaki baridi kwa saa ya haja. Anayeteremka kwa gia huru ili kubana mafuta amezipa breki peke yake mzigo ambao hazikuumbwa kuubeba.

MWILI WA ABIRIA

Gari likigonga kitu na kusimama mara moja, abiria asiyefunga mkanda huendelea mbele kwa kasi ile ile mpaka akutane na kitu cha kumsimamisha: kiti cha mbele, kioo, au abiria mwenzake. Kugonga kitu kigumu kwa kilometa 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka kimo cha mita 6. Kwa kilometa 80 kwa saa ni sawa na kuanguka mita 25, yaani kutoka kilele cha mnazi mrefu. Hakuna mtu atakayekubali kupanda mnazi huo na kujiachia kwa kutumaini kwamba atajikinga kwa mikono. Hata hivyo wengi husafiri wakiwa na tumaini hilo hilo.

Tufanye hesabu. Mtu wa kilogramu 60 akisimamishwa kutoka kilometa 80 kwa saa katika sehemu moja ya kumi ya sekunde, kani inayomsimamisha ni zaidi ya nyutoni 13,000, sawa na uzito wa kilogramu 1,300 na zaidi. Mikono haiwezi kuizuia kani hiyo, wala mama hawezi kumshikilia mtoto aliyempakata. Mkanda wa pointi tatu, uliobuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Sweden mwaka 1959, humfunga mtu kwenye gari ili asimame pamoja nalo wakati sehemu ya mbele ya gari inapojikunja. Hivyo muda wa kusimama hurefuka, kani hupungua, na hugawanyika juu ya mifupa yenye nguvu ya kifua na nyonga.

Vivyo hivyo mizigo ya ndani. Sanduku lisilofungwa nalo lina inesha yake.

HITIMISHO

Wahenga walisema ajali haina kinga. Kwa yale yasiyojulikana, walisema kweli. Lakini inesha na msuguano vimejulikana tangu karne ya 17, na hesabu yake yaweza kufanywa na mwanafunzi wa sekondari kwa kalamu na karatasi. Dereva aweza kubishana na askari, na abiria aweza kubishana na konda. Hakuna awezaye kubishana na kizigeu cha msuguano. Mwanafunzi atakayeyaelewa haya na ayafikishe nyumbani na kituoni, maana huko ndiko yanakohitajika.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa nini mtu anayeshuka kwenye basi kabla halijasimama kabisa huangukia upande linakoelekea basi. Taja miguu na kiwiliwili katika jibu lako.

2. Katika Jaribio la 2, kipande cha mti kilikaribia kuteleza wakati kimo kilipokuwa sentimeta 40 na umbali wa sakafuni sentimeta 80. Kizigeu cha msuguano ni kiasi gani?

3. Basi liko katika kasi ya kilometa 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, kwenye barabara yenye kizigeu cha 0.5. Dereva huchukua sekunde moja kabla ya kukanyaga breki. Umbali wote wa kusimama ni mita ngapi?

4. Dereva mmoja adai kwamba tairi pana husimamisha gari upesi kwa sababu hugusa eneo kubwa. Jadili dai hilo kwa kutumia kanuni za Amontons, kisha eleza ni kwa nini mifereji ya tairi ni ya lazima wakati wa mvua.

Majibu ya hesabu: (2) 0.5. (3) Mita 61 takriban.